Nyakanga, Khalifa na Mwenye Cheti

Kumzuia mtu asianze ulevi ni kazi tofauti na kumtibu aliyekwisha kunaswa. Ya kwanza huitwa kinga, ya pili tiba, na kwa upande wa dawa za kulevya, Tanzania Bara zote mbili huratibiwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Anayefanya kazi ya kinga siku hizi anaweza kusoma mtaala wa kimataifa, kufanya mtihani na kutunukiwa cheti. Kama fani yenye vitabu na mitihani yake, kazi hiyo ni changa mno. Hata hivyo, katika pwani inayoanzia Mikindani na kuishia mlangoni mwa Mto Ruvuma, pamoja na uwanda wa Makonde ulio nyuma yake, swali ambalo cheti kinajaribu kulijibu ni la zamani: nani mwenye idhini ya kukaa mbele ya vijana na kuwaambia kipi wanywe, lini wanywe, na kipi wasikiguse kabisa? Katika miaka 150 hivi iliyopita swali hilo limejibiwa zaidi ya mara moja, na kila jibu jipya lililokuja lililikuta la awali bado liko kazini.

Kileo kikuu cha eneo hili hakitoki kiwandani wala ng'ambo. Ukanda wa bahari, kwa mfano Msanga Mkuu na Msimbati, ni wa minazi, na tembo hugemwa huko kama kwingineko katika pwani ya Waswahili. Juu ya uwanda, upande wa Newala na Tandahimba, mti ni mkorosho, ambao asili yake ni Brazili na uliletwa Afrika Mashariki na Wareno katika karne ya 16. Tunda lake, bibo, likiiva huanguka lenyewe. Mwokotaji hunyofoa korosho iliyo kwenye ncha na kuitia kikapuni, na bibo hubaki mkononi, laini, lenye maji mengi, lisilosubiri mtu: lililookotwa asubuhi huanza kuchacha kabla ya siku kwisha. Mabibo hukamuliwa au hutwangwa, maji yake yakachujwa na kuachwa ndani ya ndoo au mtungi. Kesho yake ni uraka, kinywaji kitamu chenye ukakasi unaokamata ulimi na ukali wa kadiri. Ukiachwa zaidi huwa mkali na mchachu. Ukichemshwa ndani ya pipa lililozibwa na mvuke wake ukapitishwa kwenye bomba linalopozwa kwa maji, kinachodondoka upande wa pili ni gongo, ambayo ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, huitwa nipa.

Kinga yoyote inayotaka kufaa mahali hapa haina budi kuanzia kwenye jambo hili. Malighafi ya kileo imelala chini ya mti nyuma ya nyumba, haina bei, na mara nyingi mtoto ndiye anayetumwa kuiokota.

Mamlaka ya kwanza ya kufundisha kiasi ilikuwa ya jando na unyago. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, mvulana alihesabiwa mtu baada ya kukaa kambini, ambako Wamakonde hukuita likumbi, na msichana baada ya kuchezwa. Mkuu wa jando ni nyakanga, mwenye kisu ni ngariba, na mwalimu wa wasichana ni kungwi. Hakuna aliyejitangaza tu kuwa nyakanga. Alipitia jando mwenyewe, akawa msaidizi wa mkubwa wake, akashika nyimbo, mafumbo na dawa, na hatimaye wazee wakamkubali. Huo ndio uliokuwa uthibitisho wake, na ulikuwa na faida moja ambayo karatasi haina: waliomthibitisha walikuwa jirani zake, na akiharibu walijua siku hiyohiyo.

Pombe haikuwa somo la kujitegemea kambini. Iliingia ndani ya somo la heshima. Mwanahistoria Justin Willis, katika utafiti wake juu ya ulevi Afrika Mashariki, ameonyesha kwamba katika jamii nyingi za karne ya 19 unywaji ulifungamana na ukubwa: pombe ilikuwa ya tambiko na ya wazee, na kijana aliyeinywa bila kukaribishwa alionekana amejikweza. Si vizuri kuupamba utaratibu huo. Wazee waliwazuia vijana kwa sababu, pamoja na mengine, wao wenyewe waliitaka. Na sherehe ya kuwatoa wali, yaani vijana waliofundwa, kambini ilikuwa, na mahali pengi bado ni, siku ya kunywa kuliko siku nyingine zote za mwaka. Lakini mpaka ulikuwepo, ulijulikana, na alikuwepo mtu aliyepewa kazi ya kuusema.

Jibu la pili lilipanda kutoka baharini. Uislamu ulikuwa na makao ya karne nyingi katika miji ya pwani kama Mikindani, lakini vijiji vya bara ya Lindi na Mtwara vilisilimu kwa wingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Felicitas Becker, aliyeiandika historia hiyo, amesisitiza kwamba kazi kubwa ilifanywa na walimu wa vijijini, watu wa hapohapo waliofungua vyuo vya Kurani barazani, zaidi ya masheikh wakubwa wa mijini. Tarika nazo, hasa Kadiria na Shadhilia, zilienea kwa zikri. Na humo ndimo ulimokuwemo mfumo wa vyeti uliokamilika kuliko wowote uliowahi kuwepo katika pwani hii kabla ya shule za serikali: ijaza. Mwanafunzi aliyehitimu alipewa na sheikh wake idhini ya kufundisha kitabu fulani au kuongoza zikri, na idhini hiyo ilitaja silsila, yaani mlolongo wa walimu, kila mmoja akithibitishwa na aliyemtangulia. Khalifa, yaani kiongozi wa tarika mahali fulani, asiye na ijaza aliweza kuulizwa amepata wapi idhini yake.

Kwa upande wa ulevi, badiliko lilikuwa kubwa kuliko linavyoonekana. Jando lilimkataza kijana na kumruhusu mzee. Mwalimu wa chuo aliwakataza wote wawili. Haramu haina umri, na hivyo mzee aliyezoea kuwa mlinzi wa mtungi alijikuta naye anaonywa. Matokeo yake hayakuwa ya moja kwa moja: minazi iliendelea kugemwa na mabibo kukamuliwa hata katika vijiji vyenye msikiti, na familia nyingi zilimpeleka mtoto chuoni na jandoni pia bila kuona mgongano.

Njia ya kutisha nayo ilijaribiwa mapema. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Makka ilisambaa kutokea Lindi, ikisema Kiyama kimekaribia na kuwataka Waislamu watubu na kuacha maasi. Wajerumani, ambao Vita vya Maji Maji vilikuwa vimewaishia karibuni tu, waliiona kuwa uchochezi na wakaisaka. Barua ilikuwa na msisimko wake, kisha ikapita. 

Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA walikuwa wamefika Masasi tangu 1876, pale Askofu Edward Steere alipowapa makazi watumwa walioachiwa huru. Kwa muda walihangaika na jando, wakiona ngoma na pombe zake kuwa kikwazo. Kisha, kabla kidogo ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Vincent Lucas, ambaye mwaka 1926 alikuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alichukua njia nyingine: akaanzisha jando la Kikristo, lenye kambi na tohara na mafunzo, lakini walimu wake wakisimamiwa na mapadre, na yale ambayo kanisa liliyaona machafu yakiondolewa. Jaribio hilo linakumbukwa na wanahistoria wa dini kwa sababu za kiteolojia. Kwa mada ya makala hii lina maana nyingine: ilikuwa mara ya kwanza katika eneo hili kwa chombo chenye maandishi na ngazi za vyeo kuchukua mafunzo ya asili, kuyapembua, na kuamua nani anafaa kuyatoa. Wanaoandaa mitaala ya kinga leo hufanya kazi ya namna hiyo, ijapokuwa wengi wao hawajapata kusikia habari za Masasi.

Dola, kwa upande wake, ilijali chupa. Mkataba wa Brussels wa 1890 uliyabana mataifa ya Ulaya yasiingize pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Utawala wa Waingereza ukaendelea na msimamo huo kwa kuwanyima Waafrika vinywaji vikali vya Kizungu, huku pombe za kienyeji zikitozwa leseni. Leseni ilikuwa ya kuuza. Leseni ya kuelimisha haikuwepo, wala haikufikiriwa. Mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufa 1951 uliuachia mji mpya wa Mtwara bandari ya kina kirefu, na ukawaonjesha maelfu ya vibarua mshahara wa mwisho wa mwezi, ambao kwa muuza pombe yeyote duniani ni siku inayojulikana.

Baada ya uhuru sheria ziliongezeka: ya Moshi mwaka 1966, ya Vileo mwaka 1968. Ndiyo maana hadi leo hati za mashtaka na habari za magazeti haziishii kwenye neno gongo, bali husema pombe haramu ya moshi. Mwaka 1973 kikaundwa chuo kilichokuja kuwa Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza nchi ikawa na chuo chake cha kuwaandaa watu ambao kazi yao ilikuwa kuhangaika na matatizo ya familia, ulevi ukiwemo. Msimu huohuo, 1973/74, Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikaachwa mbali na nyumba, magonjwa yakaingia, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Yalipanda tena taratibu mpaka kuzidi tani 300,000 msimu wa 2017/18. Kwa mtu wa kinga takwimu hizi si za kilimo peke yake. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia chama cha msingi na kulipwa baada ya mnada. Fedha za mwaka huja kwa mkupuo, kuanzia Oktoba hivi, wakati uleule ambao mabibo yamejaa chini ya miti.

Dawa za kulevya za viwandani na maabara zilikuja kwa njia nyingine. Heroini ilijulikana Zanzibar na Dar es Salaam tangu miaka ya 1980, na msamiati wake, yaani unga, kete, teja na arosto, ni wa mitaa ya miji hiyo. Kusini kulichelewa, na si vigumu kukisia sababu mojawapo: kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa kwenye Rufiji mwaka 2003, Mtwara wakati wa masika ilikuwa kama kisiwa. Bahari lakini haikuwahi kufungwa. Majahazi yatokayo pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistani, yamekuwa yakishusha heroini kwa boti ndogo mahali pengi Afrika Mashariki. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 zilikamatwa Lindi, na baadaye watafiti wakaeleza jinsi mzigo mkubwa ulivyohamia kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma.

Sheria ya mwaka 1995 iliunda Tume ya kuratibu udhibiti wa dawa hizo. Ile ya 2015 ikaleta Mamlaka yenye uwezo wa kukamata na kupeleleza, iliyoanza kazi 2017, na ambayo kanda yake ya kusini ina ofisi Mtwara. Mkazo wa sheria uko kwenye heroini, kokeini, bangi na mirungi. Uraka haumo. Hivyo mtu wa kinga anayefika Tandahimba na mabango ya Mamlaka huzungumzia vitu ambavyo wengi wa wasikilizaji wake hawajaviona, huku wasikilizaji hao wakijua fika kitu wanachokiona kila msimu.

Elimu ya kinga yenyewe kwa muda mrefu ilitolewa na yeyote aliyepatikana. Katika miaka ya 1990 na 2000 mapambano ya UKIMWI yalizalisha waelimishaji rika, vijana waliopewa semina ya siku chache, fulana na posho ya nauli, na wengi wao walibebeshwa pia somo la dawa za kulevya humohumo. Upande wa tiba, watu waliopona walianzisha nyumba za upataji nafuu, zinazojulikana zaidi kwa jina la soba hausi, kwanza Zanzibar na kisha Bara. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikaanza kutoa methadoni. Tiba ikapata madaktari, dozi na kumbukumbu. Kinga ikabaki na kipaza sauti.

Badiliko lilitoka mbali. Mpango wa Colombo, ushirikiano wa nchi za Asia na Pasifiki ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, una programu ya ushauri kuhusu dawa za kulevya tangu 1973, na mwaka 2009 ulianzisha kituo cha kuwathibitisha wataalamu wa uraibu, ambacho kilikuja kujulikana kwa kifupi ICCE. Kwa fedha za Marekani zikaandikwa aina mbili za mtaala, wa tiba na wa kinga. Umoja wa Afrika ulishiriki kuileta mitaala hiyo barani. Mwaka 2015 kikazaliwa pia chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hii, ISSUP, chenye matawi ya kitaifa.

Mtaala wa kinga, UPC, una mfululizo wa waratibu wenye kozi tisa. Tatu za mwanzo ni za msingi: sayansi ya kinga, jinsi vileo na dawa zinavyofanya kazi mwilini, na ufuatiliaji na tathmini. Sita zinazobaki zinafuata mahali kinga inapofanyikia: familia, shule, kazini, jamii, vyombo vya habari, na mazingira, yaani sheria, bei na upatikanaji. Kuna mfululizo mwingine kwa watekelezaji. Atakaye cheti cha kimataifa cha mtaalamu wa kinga huonyesha saa za mafunzo na uzoefu wa kazi, hufanya mtihani, na hufungwa na kanuni za maadili. Hapa Tanzania, anayefanya kazi hii kwa kawaida huwa tayari na cheti cha fani nyingine. Ni mwalimu, muuguzi, afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii, na kinga huiongeza juu yake.

Kilichoipa mitaala hiyo uzito ni viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu, UNODC, mwaka 2013, na kutolewa upya pamoja na Shirika la Afya Duniani mwaka 2018. Viwango hivyo vilikusanya tafiti na kusema wazi nini kinafaa: stadi za malezi kwa wazazi, mafunzo shirikishi ya stadi za maisha shuleni, kodi na vizuizi vya umri kwa pombe na tumbaku. Vilisema pia, bila kuficha, nini hakionyeshi matokeo au huleta kinyume chake: mhadhara wa upande mmoja, taarifa za kutisha, ushuhuda wa aliyekuwa mtumiaji mbele ya darasa, na askari polisi kufanywa mwalimu wa somo hilo.

Mtu akiisoma orodha hiyo ya pili ataona inaelezea karibu kila kitu kilichozoeleka. Kila Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, ratiba huwa ni maandamano, hotuba, shuhuda na picha za watu waliodhoofu. Ujumbe dhidi ya dawa za kulevya ni miongoni mwa jumbe za kudumu za Mwenge wa Uhuru, ambao mwaka 2023 uliwashwa Mtwara, katika uwanja wa Nangwanda Sijaona. Umati wa namna hiyo una kazi yake katika nchi, lakini kwa vipimo vya 2013 si kinga. Barua ya 1908 ilikuwa na kasoro hiyohiyo.

Mfano mmoja wa kinga ya mazingira ulikuja bila mtaala wowote. Machi 1, 2017, pombe kali za pakiti za plastiki, viroba, zilipigwa marufuku nchini kwa tangazo la Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwenyeji wa Ruangwa huko Lindi. Kiroba kilikuwa rahisi, kidogo, kinaingia mfukoni mwa sare ya shule. Kilipoondolewa hakikuhitaji hotuba. Kwa uraka hatua kama hiyo haiwezekani, kwa kuwa hakuna kiwanda cha kufunga. Karibu zaidi na kinga ya mazingira ni kazi ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ambacho kimekuwa kikihimiza mabibo yatengenezwe juisi, jamu na mvinyo. Bibo lililopata bei haliozi chini ya mti. Kwamba mvinyo nao umo katika orodha hiyo ni jambo ambalo watu wa kilimo na watu wa kinga bado wanaliangalia kwa macho tofauti.

Kalenda ndiyo iliyobaki kuwa tatizo gumu kuliko mtihani. Kozi za wataalamu hupangwa kwa mwaka wa fedha, na masomo ya stadi za maisha kwa muhula wa shule. Kwenye uwanda, fedha za korosho, mabibo na likizo ya Desemba hukutana pamoja, na likizo ndiyo nafasi ambayo viongozi wa serikali wamekuwa wakisisitiza jando lifanyike ili watoto wasikose masomo. Mwalimu mwenye cheti humpata kijana kwa kipindi cha dakika 40, pamoja na wenzake darasa zima. Nyakanga humpata usiku na mchana, kwa majuma, katika kambi ambayo mwanamke haingii, wala mgeni asiyepitia jando, hata awe amefaulu kozi zote tisa.